Kabla Hujafungua Boksi la Takom

Ukiwa dukani, au ukiangalia picha kwenye simu, usikae sana kwenye mchoro wa mbele ya boksi. Mchoro ule kazi yake ni kukutoa pesa: kifaru kimepanda tuta, moshi nyuma, udongo unaruka. Geuza boksi usome ubavu. Hapo ndipo utajua kama ndani mna gari la aina moja au matoleo matatu ya kuchagua, kama kuna injini, viti na rafu za makombora, na kama minyororo imekuja vipande virefu au pingili mojamoja. Hayo ndiyo yatakayoamua kama modeli itasimama kabatini kwako au itarudi kulala ndani ya boksi ikiwa nusu.

Nalisema hili mapema kwa sababu anayeanza kuunda magari ya deraya ya plastiki huvutwa kwanza na wingi wa vipande. Akiona seti moja ina vipande mia mbili na nyingine ina mara nne yake, na bei hazipishani sana, anaona ya pili ndiyo faida. Kwangu mimi faida ni modeli iliyokamilika. Kampuni changa, na Takom ni mfano mzuri, hazidai mikono ya ajabu kuliko wakongwe. Zinadai utaratibu, na zinadai ujue tangu mwanzo ni vipande gani hutavigusa.

Takom ni ya Hong Kong na ilianza kuuza modeli mwaka 2013. Katika biashara hii huo ni utoto. Mkubwa wao ni Tamiya ya Shizuoka, Japani, na hata kipimo cha 1/35 kinachotumiwa na karibu kila mtu anayeunda vifaru kilitoka huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tamiya walitoa kifaru cha Kijerumani aina ya Panther chenye mota ndani, na ukubwa wake ukapangwa ili betri ziweze kuenea. Kilipouzika, Shunsaku Tamiya alikipima, akakuta kinakaribia sehemu moja ya thelathini na tano ya kifaru halisi, akaamua vingine vifuate kipimo hichohicho. Kwa hiyo mnunuzi wa leo anayetaka wanajeshi, mapipa, nyumba zilizobomoka na magari yanayolingana atayapata kwa wingi katika 1/35. Usihangaike na kipimo kingine mpaka uwe na sababu.

Takom waliingia sokoni kwa kutafuta mapengo. Dunia ilipokuwa ikiadhimisha miaka mia ya Vita vya Kwanza, walitoa vifaru vya Kiingereza vya Mark IV, Saint-Chamond ya Kifaransa yenye pua ndefu, hata mzinga wa Kijerumani wa milimita 420 ulioitwa Big Bertha. Wakatoa Skoda PA-II, gari la Kicheki lenye umbo la kobe ambalo mbele na nyuma yake huwezi kutofautisha. Wakatoa Chieftain ya Waingereza. Baadaye wakajitosa kwenye uwanja uliojaa watu: Panther, na King Tiger yenye kila kitu ndani.

Hapo ndipo vipande vilipoongezeka. Katika seti za zamani, sururu, koleo na nyaya za kuvutia zilichongwa pamoja na bodi katika kalibu moja. Unazipaka rangi tu. Siku hizi michoro hufanywa kwa kompyuta, kalibu zina sehemu zinazotelezeshwa pembeni, na kila kifaa kinaweza kutolewa peke yake pamoja na vibano vyake. Tena kampuni changa inamuuzia mtu ambaye tayari ana Panther mbili za kampuni nyingine. Ni lazima imwonyeshe kitu ambacho zile hazina. Ndiyo maana ukakuta taa moja ya mbele imegawanywa vipande vitano, na ukikiangusha kimoja sakafuni umeshaaga.

Kuhusu seti zenye sehemu zote za ndani nina msimamo, na wapo watakaoupinga. Usiinunue kama seti yako ya kwanza, wala ya pili. Utaunda injini, gia, viti, redio na makombora, utavipaka rangi kimoja kimoja, kisha utafunika bodi juu yake na kubaki na vitundu vya mifuniko miwili mitatu ya kuchungulia. Zaidi ya hapo, ile bodi ya chini iliyojaa kuta na sakafu za ndani haisamehe. Ukuta mmoja ukikaa juu kidogo tu, paa halitafunga, na kosa hilo utaligundua mwishoni kabisa. Wanaozipenda seti hizi huwa wameamua tangu siku ya kwanza kuacha bodi wazi, au kulikata gari ubavuni ili tumbo lionekane. Kama huo ndio mpango wako, sawa. Kama sivyo, tafuta toleo la gari hilohilo lisilo na sehemu za ndani. Takom wenyewe wana mfululizo wanaouita Blitz, ambamo magari kama Panther yamepunguzwa vipande makusudi. Umbo la nje ni lilelile.

Kwa anayeanza, chaguo langu ni AML-90. Hili ni gari dogo la Kifaransa la kampuni ya Panhard, la miaka ya 1960, lenye magurudumu manne ya mpira, uzito wa kama tani tano na nusu, askari watatu na mzinga wa milimita 90 unaoonekana mkubwa kuliko gari lenyewe. Bodi yake halisi haifiki mita nne, kwa hiyo katika 1/35 inakuwa kama sentimita kumi na moja, inakaa kiganjani. Halina minyororo, na hilo peke yake linakuondolea robo ya kazi na nusu ya maudhi. Halafu ni gari la Afrika. Majeshi mengi ya bara hili yalilinunua, Kenya ikiwemo, na Afrika Kusini ililitengeneza kwa leseni kwa jina la Eland, ikalipeleka Namibia na Angola. Kama una mjomba aliyekuwa jeshini Kenya miaka ya zamani, mwonyeshe picha. Huenda ukapata maelezo ambayo hayamo kwenye kijitabu chochote.

Ukimaliza hilo na ukataka minyororo, nenda kwenye kifaru cha T-55. Lakini hapa usome ubavu wa boksi kwa makini kweli, kwa sababu herufi zinazofuata namba zina uzito. T-55AMV na T-55AM2B za Takom ni matoleo yaliyoboreshwa miaka ya 1980. AM2B ina deraya ya ziada iliyovimba mbele ya tareti kwa pande zote mbili za mzinga, AMV imefunikwa matofali ya milipuko, na juu ya mtutu kuna sanduku la leza la kupimia umbali. Anayetaka kuunda T-55 ya Uganda wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hawezi kutumia hayo. Wakati ule hayakuwepo. Atahitaji T-55 ya zamani, yenye tareti laini ya mviringo, na kwa toleo hilo kampuni ya MiniArt ya Ukraine ina chaguo pana zaidi. Kanuni hiyohiyo iko kwenye King Tiger. Wajerumani walipaka vifaru vyao ute mzito uitwao Zimmerit ili mabomu ya sumaku yasinate, kisha Septemba 1944 wakaamuru usipakwe tena. Takom wanauza King Tiger yenye ute huo ukiwa umeshachongwa kwenye plastiki, na nyingine isiyo nao. Ukichagua kwanza gari la mwezi gani na la kikosi gani, boksi litajichagua lenyewe.

Kwetu maduka ya modeli ni machache mno, kwa hiyo wengi wataagiza nje. Uliza ushuru kabla ya kulipa, si mzigo ukishafika. Seti za plastiki husafiri bila tatizo. Kinachokwama ni gundi za plastiki za majimaji na rangi zenye thina, ambazo huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari na wauzaji wengi hawazipeleki kwa ndege. Mtu anayekuja likizo asizitie kwenye begi pia. Zitafute katika miji mikubwa kabla ya kuagiza seti, maana boksi lisilo na gundi ni pambo tu.

Na gundi yenyewe isiwe ya kubahatisha. Unayohitaji ni ile nyembamba ya plastiki ya polistirini, yenye brashi ndani ya kifuniko: unashikanisha vipande viwili vikavu, unagusa ufa kwa ncha ya brashi, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa na kuviyeyusha pamoja. Gundi ya mabomba ya PVC ni nzito na kali mno, itakula michoro yote. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha nayo mara nyingi ina asetoni. Inageuza plastiki kuwa uji. Supa gluu inafaa kwa chuma na kwa mpira, si kwa mshono mrefu wa plastiki, kwani ikipata kishindo inabanduka. Fungua madirisha ukifanya kazi, na watoto wakae mbali na chupa.

Siku ya kufungua boksi usikate kitu. Osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta kidogo ya kalibu, na mafuta hayo hukataa rangi. Zikishakauka, zilinganishe na ukurasa wa mchoro wa fremu uone kama zipo zote. Ikikosekana moja, au kipande kimevunjika, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo ukiwa na picha. Ukisubiri miezi hakuna atakayekusikiliza. Kisha chukua penseli na kijitabu cha maelekezo, ukisome chote kama unavyosoma barua ya mahakama. Chagua toleo utakalounda, ukate kwa mstari kila hatua isiyokuhusu. Zungushia duara kila mahali panaposema utoboe tundu kutokea ndani ya bodi. Matundu hayo ndiyo huwaumiza watu, kwa kuwa bodi ikishafungwa hakuna namna nzuri ya kuyatoboa, na vijitabu vya kampuni changa wakati mwingine huyaweka kwenye kimchoro kidogo pembeni ambacho jicho linakipita.

Usione aibu kubadili mpangilio wa hatua. Kijitabu kinaweza kukuambia ubandike vyuma vyembamba vya kushikia na nyaya kwenye hatua ya tano, halafu uendelee kuishika bodi hiyohiyo kwa mikono kwa hatua nyingine thelathini. Vipande vyote vyembamba viache mwisho. Mtutu, kama umekuja nusu mbili, ushikanishe mapema na uuache usiku kucha, ndipo uupige msasa laini wa maji kuuondoa mshono. Kwa kukata tumia koleo yenye makali bapa, ukate mbali kidogo na kipande, kisha umalizie kibaki kwa kisu cha wembe. Ukikata karibu kwa pupa, plastiki inameguka kuelekea ndani na utahitaji kuijaza.

Sasa magurudumu na minyororo, ambako modeli nyingi za vifaru huharibika. Mikono inayoshika magurudumu ni lazima iwe kwenye mstari mmoja. Bandika yote kwa upande mmoja, kisha kabla gundi haijashika, kalisha bodi juu ya kioo au kigae kilichonyooka ukiwa umechomeka magurudumu bila gundi. Angalia kwa macho ya usawa wa meza. Gurudumu linaloelea, lishushe. Linaloinua bodi, lipandishe. Iache bodi hivyo mpaka pakauke kabisa.

Minyororo ya seti hizi huja kwa namna kadhaa. Ipo ya mpira, mkanda mmoja, ambayo kampuni changa wameiacha kwa sehemu kubwa. Ipo ya vipande virefu vya juu na chini pamoja na pingili mojamoja za kuzungukia magurudumu ya mbele na nyuma. Na ipo ya pingili mojamoja tupu. Rye Field, jirani wa Takom katika soko hilihili, hupenda pingili zinazozunguka kweli kwa vijipini, na mtu mwenye subira huzifurahia, ingawa kifaru kilichosimama kabatini hakiendi popote. Mimi ningechagua vipande virefu, hasa pale seti inapokuja na kishikizo cha plastiki cha kuupangia mnyororo wa juu ili ulegee mahali panapostahili. Tumia kishikizo hicho. Kulegea kwa mnyororo ndiko kunakokipa kifaru uzito machoni.

Kwa pingili mojamoja, zipange kwenye mstari dhidi ya rula ya chuma, zitie gundi nyembamba, usubiri kama nusu saa. Zitakuwa zimeshikana lakini bado zinapinda. Hapo uzizungushe kwenye magurudumu, uzibanie kwa tepu ya karatasi na vipande vya sponji mpaka kesho yake. T-55 ina pingili karibu 90 kila upande na haina viroli vya juu, kwa hiyo mnyororo wake hulala moja kwa moja juu ya magurudumu makubwa; ukiuacha umenyooka hewani, kila anayelijua gari hilo ataliona kosa kabla hajaona kingine. Ikague picha ya gari halisi, na uhesabu pia mapengo: pengo kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili ndilo kitambulisho chake. Usigundishe magurudumu ya meno mpaka ujue mnyororo umekutana. Hatua moja ya kulizungusha gurudumu hilo huokoa pingili nzima.

Vibamba vyembamba vya shaba vinavyokuja ndani ya boksi havina amri juu yako. Wavu wa kufunikia injini uweke, unaonekana. Vibano vidogo vya milimita mbili, ukiona vinakuchosha, viache. Katia juu ya kigae, pinda kwa ukingo wa rula, bandika kwa tone la supa gluu lililochukuliwa kwa ncha ya kijiti cha meno.

Rangi ina mambo ya hali ya hewa ambayo vitabu vya Ulaya havikuambii. Ukanda wa pwani una unyevu, na rangi za thina au vanishi ikipulizwa hewani kukiwa na unyevu mwingi hugeuka nyeupe kama maziwa. Puliza adhuhuri au alasiri ambapo hewa imekauka kidogo, si usiku wala alfajiri, na wakati wa masika vumilia. Bara ambako ni kukavu, tatizo linageuka: rangi za maji hukauka kwenye pua ya bomba la kupulizia kabla hazijafika kwenye plastiki. Ongeza dawa kidogo ya kuchelewesha kukauka, na upulize kwa karibu. Asiye na bomba asikate tamaa. Rangi za maji zilizozimuliwa na kupakwa kwa brashi pana, tabaka mbili tatu nyembamba, hutoa kazi safi. Makopo ya kupulizia ya magari yanafaa kwa rangi ya msingi, ila yajaribu kwanza kwenye fremu tupu. Mengine yana thina inayokula plastiki.

Rangi za mafuta za wasanii, zile za tyubu zinazopatikana kwenye maduka ya vifaa vya uchoraji, ndizo bora kwa kazi ya uchakavu. Tone la kahawia iliyokolea ndani ya thina ya rangi za mafuta, lililoachiwa litambae kwenye pembe na ribiti, linaibua michoro yote ambayo kampuni imekuuzia. Kwanza hakikisha rangi ya chini imekauka siku kadhaa.

Kwa vumbi una bahati. Udongo mwekundu wa nje, ukiukausha, ukiutwanga na kuuchuja kwenye kitambaa cha kanga mara mbili, unakuwa vumbi laini la bure la kubandika kwa thina kidogo kwenye magurudumu na chini ya bodi. Upake kwenye AML ya Kenya utaona gari linafufuka. Usiupake kwenye King Tiger iliyopigana Ardennes Desemba 1944. Kule kulikuwa na theluji na tope jeusi la msituni, na kifaru chekundu kitachekesha.

Stika za maji zinataka uso laini. Puliza vanishi inayong'aa kwanza, bandika, lainisha kwa siki nyeupe iliyozimuliwa na maji kama huna dawa yake, kisha ufunike kwa vanishi isiyong'aa. Ukizibandika kwenye rangi kavu isiyong'aa, hewa itabaki chini yake na ukingo utameremeta milele.

Ukimaliza, boksi halitakuwa tupu. Seti zenye matoleo kadhaa huacha mabaki mengi: mifuniko ya ziada, taa, sururu, hata magurudumu mazima ya toleo ambalo hukuliunda. Yatie kwenye mifuko yenye zipu, kila gari na mfuko wake, na uandike juu yake jina la gari na herufi za toleo. Fremu zenyewe usizitupe. Zilizo tupu ndizo utakazojaribia rangi na gundi mpya, na ukiipasha moja juu ya mshumaa na kuivuta taratibu inakuwa uzi mwembamba wa plastiki, unaotosha kuwa antena ya AML.